Mlango wa Kushoto wa Gari la Rugema

Kwa miaka mingi Niyomugabo aliufunga mlango wa dereva kwa namna moja tu: anaukamata chini ya dirisha, anauinua kwa nguvu za bega la kushoto, ndipo anauvuta. Watu wa Gisenyi waliujua mlango huo kwa mlio wake. Gari likipita tuta la Mbugangari, uligonga kama sufuria iliyoanguka jikoni, na wanawake waliotoka mpakani mwa Kongo na mizigo yao wakaambiana kwamba huyo anakuja.

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la Rugema, aliyemkabidhi ufunguo awe dereva wake muda mfupi baada ya wote wawili kurudi kutoka Kongo. Rugema alizikwa msimu wa mvua. Mjane wake, Claudette, karani wa ofisi, alikuwa amepata uhamisho kwenda Kigali na alitaka kuliuza gari kabla ya kuondoka. Mnunuzi wa kwanza, mwalimu wa Nyundo, alifungua mlango, ukamshukia mkononi. Akasema gari hili liligongwa, akaenda zake. Wa pili alifanya vivyo hivyo. Kila aliyeondoka alimwachia Niyomugabo siku nyingine za kazi. Kwa umri wake hakuna tajiri mwenye gari ambaye angempa usukani mwingine. Kituoni madereva vijana walikuwa wamejaa, wanagombania hata magari mabovu. Mlango ule uliolegea ndio uliomlinda, naye alilijua hilo.

"Papa Niyigena," Claudette alimwambia asubuhi moja, akimwita kwa jina la binti yake, "kesho iko bwana mumoja wa Rubona anakuja kuangalia gari. Leo upeleke mulango kwa fundi. Nimechoka kuona watu wanaukamata na kukimbia."

"Ndiyo, mama."

Gereji ya Twagirimana ilikuwa uwanja mweusi kwa oili. Ukungu ulikuwa umelifunika ziwa tangu alfajiri na haukuonyesha dalili ya kuondoka. Fundi aliutegemeza mlango kwa jeki, akaweka kipande cha tairi juu ya jeki ili rangi isichubuke, kisha akaigonga pini ya bawaba ya juu mpaka ikachomoka. Katikati ilikuwa imelika, nyembamba.

"Muzee! Hii si pini, ni mufupa ya kuku. We unawekaka nini humu ndani?"

"Mawese. Kila juma, mbele ya misa."

"Mawese!" Twagirimana aliangua kicheko, akawaita jirani zake. "Mukuje muone! Muzee huyu alikuwa anakaanga mulango!"

Wakacheka wote. Niyomugabo naye akajaribu kucheka. Kisha fundi akapangusa kidole ndani ya bawaba, akamwonyesha uji mzito mweusi. Lilikuwa vumbi la lava, lile linaloruka kutoka barabara za Goma na kuingia kila mahali. Mafuta ya mawese yalilikamata, likakaa pale, likaila pini na bushi zake, zile pete za chuma zinazoishika, kama tupa. Juma baada ya juma, kwa kopo dogo na unyoya wa kuku, Niyomugabo alikuwa ameuua mlango kwa mkono wake mwenyewe, na alipokuwa akifanya hivyo alikuwa na furaha.

Twagirimana alipanga pini na bushi mpya juu ya gazeti. Niyomugabo aliziangalia, zinang'aa.

"Na tukirudisha zile za zamani?"

"Mulango utaanguka tena."

"Najua."

Fundi akaweka nyundo chini. Alimtazama mzee, akatazama gari, akaelewa. Aliposema tena, alishusha sauti ili jirani wasisikie. "Bon. Sema tu, muzee. Mi nitarudisha, nitapaka grisi juu, na mama sitamuambia kitu."

Niyomugabo alisogea karibu na mlango. Twagirimana akageukia bawaba ya chini, akaigonga pini yake. Ilipochomoka, mlango ukateleza juu ya jeki, ukaanza kuanguka. Kabla hajafikiri, Niyomugabo alikuwa ameshaingiza bega chini yake. Uzito wote ulimshukia pale palipokuwa pakimuuma siku zote. Akausimamisha sawasawa, kimo kilekile ulichotakiwa kukaa, maana hakuna mtu mwingine aliyekijua.

"Weka mpya," alisema, akihema. "Fanya haraka, ni muzito."

Siku ya pili Shyaka wa Rubona, kijana mwenye koti la mvua, aliufungua mlango, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukajifunga.

"Hii haijagongwa hata siku moja," akasema.

"Nilikuambia," Claudette alijibu, na uso wake ukalegea kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi.

Niyomugabo alimpa Shyaka ufunguo. "Usiweke mawese kwenye bawaba. Grisi tu."

"Mawese? Nani anaweka mawese kwenye gari, muzee?" Shyaka alicheka, akawasha injini.

Claudette akaingia ndani kuendelea kufunga masanduku. Niyomugabo alibaki barabarani chini ya manyunyu, mkono wa kushoto mfukoni, akilisindikiza gari kwa masikio. Lilifika kwenye tuta. Alingoja ule mlio, na alipokata tamaa, gari lilikuwa limeshapinda kuelekea ziwani.