Pikapu Iliyofundishwa Kupiga Magoti

Niliondoka Kibondo asubuhi bila mpango wowote, begani begi lenye shati, koti na bisibisi. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la sita: nikisikia injini inanguruma kwa sauti nisiyoijua, naenda kuitazama. Asubuhi ile iliyonguruma ilikuwa pikapu kubwa ya usukani wa kushoto, imeinuka juu kama kichanja, imesimama kituo cha mafuta. Nikamwamkia mwenyewe, nikainama kuchungulia uvunguni.

"Unatafuta nini huko, kuku wako?"

Nikamwambia niliwahi kuwa kibarua gereji ya mabasi, na kwamba mabasi mengine hukalia mipira ya upepo badala ya springi; ukipunguza upepo basi linashuka, abiria anapanda bila kuhangaika. Akafungua mlango, akasema, "Panda. Twende Kasulu."

Alikuwa mfanyabiashara wa Kasulu mwenye jambo linalomkosesha usingizi. Mama mkwe wake aliishi Makere, magoti yamekwisha. Mdogo wake bibi huyo alikuwa mahututi Kasanda na alikuwa akimwita. Mke wa mfanyabiashara alishatangulia kuuguza. Lakini bibi hakuweza kupanda pikapu ile. Kigoda kiliyumba, na majirani walipotaka kumnyanyua alisema habebwi kama gunia la muhogo. Mkwewe naye hakuweza kumgusa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani hata mikono, wala hawasemezani ana kwa ana; neno hupitia kwa mtu wa tatu.

"Basi gari lipige magoti lenyewe," nikasema, nikajiona mjanja.

Mipira iliagizwa Dar, ikaja kwa basi. Gerejini tulifungua springi, tukachomelea vikalio vya chuma juu ya ekseli, tukakaza mipira. Kompresa ndogo na mtungi wa upepo tukavificha nyuma ya kiti. Umeme ukakatika, tukangoja. Mpira mmoja wa nyuma ukawa unasuguana na fremu, tukakata vikalio, tukaanza upya. Tulipaka viungo vya mabomba povu la sabuni kutafuta panapovuja, nami nilifurahia kila povu lililotuna. Simu ya Kasanda ikiita, tulijibu: kesho.

Hatimaye mfanyabiashara akabonyeza kitufe. Pikapu ikashusha pumzi, ikalala chini hadi ngazi ya mlangoni ikakaribia kugusa vumbi. Muuza vipuri wa jirani akapiga makofi.

"Shehe, gari lako linasujudu! Wewe mwenyewe Ijumaa tunakutafuta."

"Kauze bolti zako," alijibu huku akicheka. Sikumwona akicheka tena.

Makere bibi aliingia mwenyewe, kitenge kimefungwa vizuri, akaketi kiti cha nyuma. Tukaliinua gari, tukaondoka. Tulipoipita Kibondo simu ikaita. Mfanyabiashara akaegesha, akashuka, akasikiliza huku akitazama migomba. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Mwambie mama," akasema, "mdogo wake amefariki."

Bibi alikuwa kiti cha nyuma, amesikia kila neno. Hata hivyo ikanibidi nigeuke nimwambie.

Tulifika Kasanda jua likielekea kuzama. Ua ulikuwa umejaa watu. Mkwe akapeleka kidole kwenye kitufe.

"Mwambie aache," bibi akaniambia. "Mwambie arudi nyuma mpaka kwenye tuta lile la udongo."

Nikasema. Akarudi nyuma. Mlango ulipofunguliwa, sakafu ya gari na tuta vilikuwa sawasawa. Bibi akashika fimbo yake, akavuka kama mtu atokaye chumba kimoja kwenda kingine.

"Hata kwangu lipo tuta kama hili," alisema bila kumtazama yeyote. "Nyuma ya jiko. Hakuna aliyeniuliza."

Mkwewe hangeweza kumuuliza. Alihitaji mtu wa tatu, na siku zote zile mtu wa tatu nilikuwapo, uvunguni mwa gari, nikipaka sabuni.

Sikuwahi kufika Kasanda kabla ya hapo, wala sikumjua mtu. Mke wa mfanyabiashara akatoka ndani, macho yamevimba, akanipa maji ya kunawa.

"Kaka, utalala stoo ya mahindi. Mkeka upo."

Nikaweka begi juu ya magunia. Mlango wa stoo ulitazama uani. Pikapu ilikuwa bado kando ya tuta, imeinuka, mipira yake imejaa upepo.