Mama Mkwe Katikati ya Barabara

Watu wakiona kichwa changu kimejaa mvi na bado ninakanyaga baiskeli, huniuliza kama ujanani niliwahi kushindana. Niliwahi. Mara moja tu, na Mungu aniepushe na ya pili.

Ilikuwa wakati wa vita, askari walipokuwa wameshika mji wa Uvira na barabara yote ya bonde la Ruzizi. Mimi kazi yangu ilikuwa kutoa mihogo Lubarika, kwa wakwe zangu, na kuileta mjini kwa kinga, ndivyo kwetu tunavyoita baiskeli. Ilikuwa kinga ya chuma kizito, haina breki, ukitaka kuisimamisha unakandamiza tairi kwa kandambili. Hiyo ndiyo iliyotulisha mimi, mke wangu na watoto katika nyumba yetu ya mtaa wa Rugenge, mjini. Siku moja askari wa kizuizini wakanishusha, wakamwaga mihogo chini, wakaondoka na kinga. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, naye walimnyang'anya yake. Basi nyumbani tukawa tunachemsha maji ili watoto waone moshi wasinzie.

Kamanda wao alikuwa mtu wa kuchekacheka, mwenye saa mbili, moja kila mkono. Alituita sisi wote tuliopoteza kinga, tukakusanyika bandarini Kalundu.

"Iko mchezo moja Wazungu wanaita triatlon," akasema. "Kuogelea, kinga, mbio. Watatu wa kwanza, kila mutu anarudi kwake na kinga yake."

Mpango wake ulikuwa huu: tutaogelea kutoka bandarini mpaka ufukwe wa mjini. Hapo tutapewa kila mtu kinga yake, twende nazo mpaka Lubarika. Kisha tutaziacha chini, tupande mlima mbio mpaka kwenye kambi yao. Tukapiga makofi, wajinga sisi! Hakuna aliyeuliza kwa nini mchezo uishie mlimani, kwenye kambi ya risasi. Mwenye njaa haulizi maswali.

Mimi ni mtoto wa ziwa, maji hayanitishi. Lakini wengine waliingia kwa sababu bunduki zilikuwa nyuma yao. Kulikuwa na mbeba mizigo wa pale pale Kalundu, kifua kama mlango, aliyepakua maboti maisha yake yote bila kulowesha goti. Shemeji yangu, mtu wa bondeni, alikumbatia bidoni, dumu tupu la mafuta, na kupiga maji kwa miguu, askari wakamcheka mpaka wakakaa chini. Tulipochelewa walipiga risasi majini ili tuongeze mwendo. Yule mbeba mizigo alizama karibu na mimi. Nilisikia akiita mama yake, kisha sikusikia kitu. Kamanda, aliyetufuata kwa boti, alitazama saa moja, akatazama ya pili.

"Ule ametoka mu mchezo," akasema.

Nilikuwa wa kwanza kutoka majini. Nilipoiona kinga yangu imeegemezwa ukutani, nawaambieni ukweli, nililia. Nikairukia na maji yakinitiririka. Sikumngoja shemeji, naye asingeningoja, tulikuwa tumekubaliana hivyo: kila mtu avute yake, nafasi ni tatu, zinatutosha sote wawili. Bonde lote nililipita nikiwa mbele. Jua lilinichoma mgongo, mapaja yakawaka moto, tumbo halina hata maharage. Nikawa naiambia kinga, "Twende, mama, twende, leo unarudi nyumbani." Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Karibu na Lubarika barabara imenyooka. Nikaona mbele mwanamke anakuja, jembe begani, katikati ya njia. Mwendo ule niliujua. Loo! Mama mkwe.

Wewe usiye wa kwetu utasema, kwani kuna nini? Kuna hivi. Ukikutana na mama mkwe njiani, unashuka, unaacha njia, unaingia majanini na kumpa kisogo mpaka apite. Naye mwenye adabu anaharakisha asikuchoshe. Hamtazamani usoni, hamsemezani ila kwa mtu wa katikati. Mwanaume wa kumpita mkwe wake juu ya kinga, afadhali avue suruali sokoni. Nilikuwa nimemuoa binti yake miaka mingi na sikuwahi kuona uso wa mama huyu.

Mwili ulishuka wenyewe kabla akili haijaamua. Nikaburuta kinga mpaka kwenye majani, nikageuka, nikangoja. Nikahesabu pumzi. Hakupita. Nikachungulia chini ya kwapa. Alikuwa ameketi barabarani! Ameweka jembe chini, amejifunika kitenge kichwani, ameketi katikati kama mtu aliye uani kwake.

"Mama," nikasema nikiwa nimempa mgongo, "nakuomba, unipishe. Wananipita!"

Mmoja akatupita, akamzunguka. Wa pili akatupita. Ningekuwa na jiwe, sijui ningelitupa wapi. Moyoni nilimtukana mama yule matusi ambayo hata leo siwezi kuyarudia mbele ya mke wangu. Ungeweza kupita, utasema. Ndiyo. Na mti unaweza kutembea.

Kisha akaja shemeji. Mama akainuka, akatanua mikono.

"Mwanangu, shuka! Shuka, nakwambia!"

Yeye hakuwa na mwiko wowote, alikuwa mama yake. Akacheka, akamkwepa pembeni.

"Mama, unipishe! Leo narudi na kinga!"

Mama akamshika shati kwa nyuma, shati likachanika, kipande kikabaki mkononi mwake. Angeongeza neno, lakini gari la askari lilikuwa nyuma yao. Wakapiga honi. Mmoja akashuka, akamvuta mama kwa kitenge mpaka pembeni na kumpiga teke la mgongo. Halafu akaniona mimi majanini.

"Na weye unafanya nini pale?"

"Iko mukwe wangu," nikajibu.

Wakacheka mpaka machozi. "Muntu wa namna hii anafaa nini?" Wakaitupa kinga yangu garini, wakaondoka. Mama alikuwa amelala chini, na mimi, kwa mila ileile, sikuweza kumshika mkono nimwinue. Nilienda kuita wanawake shambani. Kisha nikarudi Rugenge kwa miguu, kwa hiyo ukitaka kuhesabu, na mimi nilimaliza sehemu zote tatu. Nilifika kesho yake nyayo zimechubuka, nikamwambia mke wangu, "Mama yako ametuua." Akaenda kuchemsha maji ya watoto.

Watatu wa kwanza walipewa kinga zao kweli, kamanda hakusema uongo. Kwenye kila kinga walifunga masanduku ya risasi. Walikuwa wanatafuta watu wenye mapafu na miguu ya kupanda milima, ndiyo maana ya mchezo wote. Kinga zilishindwa na mawe, wakazitupa korongoni, masanduku yakahamia vichwani. Anayeanguka anapigwa risasi pale alipoanguka. Mmoja alitoroka akatusimulia. Shemeji yangu alianguka siku ya pili.

Tulilia matanga bila maiti. Hapo ndipo mke wangu aliponiambia kwamba mama yake alikuwa analazimishwa kuwapikia askari wale ugali, na kwenye sufuria alisikia mpango wote. Nikapata akili. Kumbe nilitukana aliyeniokoa! Nikatafuta jogoo, nikaenda Lubarika, nikasimama nyuma ya jiko lake na kumpa kisogo.

"Mama," nikasema, "nimekuja kushukuru. Uliketi barabarani kwa ajili yangu."

"Geuka," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Miaka yote hakuwahi kunisemesha.

"Geuka, nikuangalie."

Nikageuka. Hakuwa amejifunika.

"Usinishukuru. Weye sikukufikiria hata kidogo. Minye niliketi nangojea mutoto wangu. Weye mutoto wa watu ukashuka, wangu akapita."

Akamchukua jogoo, akamfungua kamba miguuni, akamwacha aende zake. Mimi nilibaki nimemkodolea macho, adabu zote zimenitoka, kwa sababu sikujua kabla ya siku ile kwamba shemeji yangu alifanana na mama yake kabisa.