Mikojo ya Saa Sita Mchana

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe lililofagia sakafu, pamoja na hadubini, chombo cha kukuzia visivyoonekana kwa macho, nzito kuliko ng'ombe wa mahari. Cheti cha maabara nilikipata shule ya jioni, Ukunda. Nilisoma mpaka taa zikaniomba msamaha. Zahanati ilikuwa ya kiwanda kimoja cha matofali, upande wa Msambweni.

Wachimba udongo walikuwa wakikojoa damu. Kwetu kijana akikojoa damu, wazee walicheka: amebalehe! Lakini hawa walikuwa na wajukuu. Mtu abalehe mara ngapi?

Nilishuku kichocho, minyoo inayotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Wachimbaji walishinda ndani ya mashimo ya maji, na konokono humo walikuwa wengi kuliko watu wa Ukunda siku ya kuamkia Idi. Meneja akaamuru mikojo ipimwe alfajiri, kabla ya zamu, kazi isilale. Nikapima: safi. Akaniletea karatasi. "Tia sahihi kwamba mashimo hayana neno."

Kalamu nilikwisha kuishika, sifichi, muuguzi mkuu, Bi Mwanasiti, aliponizuia. "Mwanangu, mayai ya kichocho hutoka kwa wingi jua likiwa utosini. Alfajiri wapima usingizi."

Kesho yake saa sita nikasimama kando ya shimo na vikopo, vioo na ile hadubini. "Wazee wangu, shikamooni! Rukeni kwanza, kisha mnipe." Kuruka huyatikisa mayai kibofuni.

"Umesoma kote huko uje kuomba mkojo?" akauliza Mzee Nyae, nyapara wao.

"Ndiyo, baba. Na wako nautaka wa moto!"

Wakaruka, Kwale nzima ikatetemeka. Meneja akaja mbio. "Nani kasimamisha kazi?"

"Mimi."

"Basi huna kazi!"

Nikadondosha mkojo wa Mzee Nyae kwenye kioo, nikakiweka chini ya hadubini. "Sawa, bwana. Chungulia kwanza."

Akachungulia. Mayai yenye mwiba mkiani yalijaa kama dengu kwenye sinia. Akanong'ona: "Tia sahihi ile ya alfajiri, kazi nakurudishia."

"Sitii."

Mimi na Bi Mwanasiti tukampelekea daktari wa wilaya vile vioo. Dawa zikaja, pampu ya kukaushia mashimo ikaja, mabomba ya kuogea yakaja. Mimi kazi nikaikosa. Nikapokewa zahanati ya Lunga Lunga, nikapima mikojo saa sita mpaka nikastaafu.

Kibao cha mabomba kimeandikwa jina la meneja. Na alale nalo. Mimi nikipita pale mchana, Mzee Nyae, ambaye sasa ana miaka mia mbili, huweka mkongojo kando akaruka kidogo.

"Daktari wa mikojo, kikopo ki wapi?"

Nami hukitoa mfukoni.