Siku Bibi Alipomwita Mkwe "Msela Wangu"

Jambo hili nimemficha mjomba wangu miaka miwili sasa, na leo nawaambia ninyi kwanza kwa sababu nimechoka kulibeba. Mkicheka sitawalaumu, maana siku ile hata mimi nilicheka, na hicho kicheko ndicho kinachonitesa.

Bibi yangu, mama yake mama, anakaa Kinole, huko juu milimani. Kwa utani wa bibi na mjukuu alikuwa ananiita mume wangu, na nikipanda kumsalimia ananipokea na "Mume gani huyu anakuja mikono mitupu?" kabla sijavua viatu. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa maneno ya vijana. Mimi ni fundi simu Morogoro mjini, nashinda nayasikia, basi kila safari nampelekea neno jipya na lazima nimweleze limetoka wapi (nisipojua natunga, naye akijua natunga anacheka mpaka anashika mbavu).

Sasa dada yangu Zuhura akapata mchumba, na wakwe wakawa wanatoka Gairo kuja kujitambulisha nyumbani kwa mjomba, mjini. Sisi Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo wa kuwapokea wageni alikuwa bibi. Alishuka siku moja kabla, na doti mpya ya kanga na wasiwasi wake. Asubuhi akanivuta uani.

"Mume wangu, hao watu wana magari yao. Siku hizi wanakaribishwaje? Nisije nikamtia Zuhura aibu."

Ningesema tu, "Waambie karibuni, bibi, inatosha," mambo yangeisha. Lakini mimi na kimdomo changu nikamwambia baba mkwe siku hizi anaitwa msela, neno la mabaharia, watu waliotembea dunia na kuheshimika (la mabaharia nimelisikia kweli, la heshima nimeliongeza mwenyewe, msela ni kijana wa kijiweni), na ukiulizwa hali unajibu "poa kichizi", kwa sababu Chizi alikuwa mzee mmoja tajiri wa zamani. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa anayarudia taratibu, midomo inacheza, na nikaona kabisa kwamba leo ameniamini. Nikasema moyoni nitamwambia ukweli nikirudi na soda.

Wageni wakawahi. Naingia na kreti begani, namkuta bibi mlangoni, ameinama kwa adabu mbele ya mzee wa kanzu nyeupe.

"Karibu, msela wangu."

Mzee akasita, akamuuliza habari za hapa.

"Poa kichizi."

Vijana waliokuja na wakwe wakaangua kicheko, nami (Mungu anisamehe) nikacheka nao. Mzee mwenyewe muungwana, akasema, "Ahsante, mama," akakaa. Lakini binti mmoja akamnong'oneza bibi maana ya yale maneno, nikamwona anavuta kanga mpaka machoni.

Mjomba akamwita pembeni, karibu na niliposimama. "Mama, nani kakufundisha maneno ya kihuni mbele ya wakwe?"

Bibi akanitazama. Mimi nikatazama soda.

"Nimeyasikia redioni mwenyewe," akasema. "Uzee huu, mwanangu."

Zuhura aliolewa, wala wakwe hawana neno. Ila siku ya harusi mjomba alimweka mama mdogo apokee wageni, na bibi akaambiwa apumzike chumbani. Alikaa humo na kanga yake ileile, anasikia vigelegele ukutani. Nilimpelekea pilau, hakuigusa.

Baadaye nilipanda Kinole kumwomba radhi. Akasema yameisha. Akanipa chai na ndizi, akauliza habari za kazi, na neno jipya hakuniuliza.

Tangu hapo simfundishi mtu neno lolote la mjini. Bibi alikuja kwangu na hofu yake, na mimi nikamjibu kwa utani, nimejuta kwa hilo. Ijumaa hii nitakwenda kwa mjomba nimwambie redio haikuhusika, anipige akitaka, ilimradi siku nyingine wageni wakija bibi asimame tena mlangoni.

Mwezi uliopita nilijaribu. Nilifika barazani kwa bibi nikaita kama zamani, "Mke wangu, hujambo?"

Akainua uso kutoka kwenye ungo wa mchele.

"Sijambo, Shabani. Karibu ukae."