Springi za Watu Wawili

Kwenye springi za nyuma, fundi pikipiki jirani yangu hana mchezo. Ukitaka akufungie ngumu zaidi kwa safari ndefu, umlete na unayempakia. Akae nyuma, fundi apige magoti, apime kwa vidole kiti kinavyobonyea, huku akinong'ona kama anayebembeleza mtoto alale. Vidole vyenyewe vimekolea grisi, hata mafuta ya taa hayavitakatishi. Ukimbishia, anakufukuza na pikipiki yako.

Jana mteja wake wa siku nyingi alikuja peke yake kuchukua pikipiki aliyoiacha ikazwe springi.

"Shemeji yuko wapi? Nimeshazikaza za watu wawili, aje akae nipime."

"Tumemzika juzi."

Fundi alisema pole kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kisha akapiga magoti na spana yake ili azilegeze. Mteja akamshika mkono.

"Ziache hivyo hivyo."

"Ukiwa peke yako zitakurusha, kaka."

"Ziache."

Huyu anayefukuza wabishi akaiondoa spana. Pikipiki ikaondoka kiti cha nyuma kimeinuka, na tuta la kwanza tu likamrusha mwenyewe. Fundi alikuwa bado amepiga magoti, spana mkononi.