Mchumba Ndani ya Wilbaro

Jumamosi hiyo tulikuwa uani kwetu Likuyani, mimi, mama na baba, tunapukuchua mahindi. Shiundu akapita. Alikuwa dereva wa trekta katika shamba la Mzungu jirani, kijana mwembamba mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake, na kila Jumamosi alikuwa akiniposa mbele ya watu.

"Rasoa, utaolewa na mimi lini?"

"Labda dunia ikiisha."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Shiundu hakukasirika. Aliketi, akavuta hindi lake, akapukuchua pamoja nasi.

Uhuru ulikuwa unakaribia. Wazungu walikuwa wanahama, na sisi tuliokaa pande mbili za mto tulikuwa tumekosana kuhusu nani angerithi mashamba yao. Maneno hayo tulikuwa tumeyazoea. Hatukudhani yangefika uani.

Yalifika jioni ile ile. Tuliona moshi, kisha tukasikia watu wakipiga mayowe.

"Kimbieni," baba akasema. Yeye hakukimbia.

Mama alishika njia ya barabarani. Shiundu alinivuta mkono, tukaingia kwenye mabua.

Mshale ukampata kwenye shavu la mguu.

Tulianguka mtaroni. Watu walipita karibu nasi. Niliona miguu tu.

Kulipokucha, nyumba ilikuwa majivu na baba alikuwa amelala uani. Tulimzika sisi wawili, Shiundu akichimba amepiga magoti kwa sababu ya mguu wake. Hapakuwa na mtu mwingine, wala ng'ombe, wala kuku.

Tulikwenda nyumbani kwa yule Mzungu, tukakuta milango wazi. Shati la Shiundu nilikuwa nimelichana kumfunga kidonda, kwa hiyo alivaa koti jeusi la sherehe alilolikuta kabatini. Tulikula jamu kwa vijiko, maana chakula kingine hakikuwepo.

"Rasoa," akasema, mdomo umejaa, "dunia si imeisha?"

Mikono yangu ilikuwa bado na udongo wa kaburi la baba. Nililia na kucheka kwa pamoja, naye akangoja nimalize.

"Mguu upone kwanza," nikamwambia.

"Mguu hauoi. Ni mimi naoa."

"Wewe huongeanga tu. Upone kwanza."

Hakuweza kutembea mbali. Nilimpakia kwenye wilbaro ya kubebea mbolea, nikamsukuma hadi barabara kuu, akiwa na koti lake la sherehe. Barabara ilijaa watu waliofiwa na kuunguliwa nyumba, lakini walipotuona walicheka.

"Dada, huyo umemnunua wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Ananipeleka kanisani, mzee!" Shiundu akajibu.

Lori lilitubeba mpaka Kakamega. Kwa shangazi yangu, kijijini Shirere, tulimkuta mama akiwa hai. Shangazi alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, nacho kikaanza kukauka. Shiundu alianza kumwita mama "mamamkwe" kabla hajaruhusiwa. Mama hakumkataza. Alimwambia alete watu wake wazungumze.

Halafu mchana mmoja, tukila, Shiundu alisukuma sahani. Alisema taya lake limegoma, limekataa obusuma, ugali wa shangazi. Tulicheka sote. Shiundu alikuwa mtu wa mzaha, na tuliona kwamba ni mzaha.

Jioni hakuweza kufungua mdomo hata kunywa maji.

Hospitalini walisema ni pepopunda, imeingilia kwenye kile kidonda. Waliniruhusu kukaa kando ya kitanda. Macho yake yalinifuata, na nilimwambia ndiyo, nitaolewa naye, nikalirudia neno hilo mara nyingi. Sijui kama alisikia.

Ndugu zake walimzika kwao, karibu na Shianda. Nilisimama nyuma, pamoja na majirani.

Niliolewa baadaye na mtu mwema, nikazaa. Wajukuu wakiuliza vita vile vilitunyang'anya nini, nawatajia baba yangu, nyumba na ng'ombe. Shiundu simtaji. Hakuwa mume wangu, nami sikuwa mjane wake, na mpaka leo sijapata jina la kumwita mbele yao.