Maji Iko?

Siku hiyo, mwanangu, ninaikumbuka kwanza kwa harufu: lutuku, ile pombe kali yetu, inayowaka, na rangi mupya inayoungua. Najua unacheka. Unasema, huyu naye anatoa nasaha, mvi yake iko wapi? Ni kweli, bado sijazeeka, na damu yangu ingali moto. Juzi tu nilitaka kupigana na mutu wa moto-taxi kule mutaa wa Kasuku juu ya neno moja. Lakini mutu aliyeungua hangojei mvi ndipo aseme moto inauma.

Wakati ule ilikuwa vita. Treni ilikuwa haifiki tena hapa Kindu. Njia ilikatika kule kusini, majani yakaota katikati ya reli, na watu wa reli waliobaki huku wakawa kama samaki juu ya muchanga. Mumoja wao alikuwa Papa Ilunga, mutu wa Kasai, mashinisti aliyeendesha masini za mvuke tangu ujana wake. Miye ni mutoto wa Alunguli, ngambo ile ya muto. Kwetu hakuna aliyefanya kazi ya reli. Lakini siku moja askari walikuwa wanakamata vijana waende kuwabebea mizigo, na Papa Ilunga, asiyenijua hata jina, akanivuta mukono, akanificha ndani ya tanki kavu ya masini iliyokufa pale gare, kituo cha treni. Tangu hapo nikawa mutu wake. Nilimupenda kwa ukali. Aliyemutaja vibaya, ngumi yangu ilimufikia mbele ya maneno, na maneno yenyewe, unanijua, hayakuwa machache.

Kazi iliyomubakia ilikuwa moja: masini ndogo, urefu kama toka kiko cha mukono mupaka vidole, iliyotengenezwa zamani kwa mufano wa masini kubwa za kweli. Ilikuwa inakaa ndani ya kabati ya kioo kwenye biro ya wakubwa wa reli. Siku biro ile iliporwa, watu walibeba kabati, masini wakaitupa ndani ya mufereji. Yeye akaiokota, gurudumu limepinda, bomba ya moshi imevunjika, kutu kila mahali, akaanza kuirudisha. Vyuma vya kushikia pembeni alivitoa kwa mbavu za mwamvuli. Rangi nyeusi alisaga makaa ya ndani ya pile, betri za redio, akachanganya na vernis ya kung'arisha mbao. Namba yake aliiandika kwa unyoya wa kuku. Miye alinifundisha kusugua kutu, kulehemu, kupaka rangi bila kupumua.

"Usiifanye ikuwe nzuri," aliniambia siku moja nilipokuwa napaka kwa raha zangu. "Ifanye ikuwe kweli. Hapa kwa mulango ya moto mukono ya mutu inagusa kila saa. Rangi lazima ikuwe imeondoka."

Na haikuwa ya kuangalia tu. Ndani mulikuwa na tanki: unatia maji, unawasha lutuku chini yake, mvuke inapanda, magurudumu yanazunguka. Majirani walikuwa wanamutania: "Papa, ukipatia masini lutuku, siye tutakunywa nini?" Naye anajibu: "Mukunywe maji, mutaishi siku mingi."

Lakini macho yake yalikuwa yanafungwa. Alisema anaona dunia kama mutu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba yenyewe inapunguka kila mwezi. Daktari wa macho hakuwako Kindu yote. Kitu alichotaka kilikuwa kimoja: aone masini ile inatoa mvuke, mbele bomba haijafungwa. Tulikuwa tumemaliza. Ilibaki kuiwasha tu, siku ya Mungu, Jumapili, nyuma ya misa, na wenzake wa reli waje kuangalia pamoja naye.

Sasa sikia desturi ya watu hawa. Mashinisti wa zamani, akifika kwenye kazi, hakusema jambo wala habari. Aliuliza: "Maji iko?" Na yule wa kutia moto anajibu: "Maji iko." Kwa sababu masini ikiwashwa bila maji inajiua yenyewe. Papa Ilunga aliniuliza vile kila asubuhi nikiingia tu. Nami, kwa kicheko: "Maji iko, Papa!" Kama siye wote tunavyoulizwa habari, tunajibu nzuri, hata kama mutoto analala na homa na chungu kimelala kinywa chini. Nilifikiri njo salamu yao.

Jumamosi Papa alitoka kwenda kualika wenzake. Akaniambia: "Uichunge tu." Nikakaa nayo kwa barza. Akapita Asumani, kijana wa mutaa, muuza mafuta ya mawese, na marafiki zake wawili nyuma.

"We Salumu! Ungali unalea mutoto wa chuma?"

"Pita, Asumani. Pita na vidumu vyako."

"Treni imemukatikia muzee wako, sasa anajitengenezea ya kuingia mufukoni! Na hiyo haitembei, unasikia? Ni sanamu. Kama mwenyewe: macho wazi, haoni kitu."

Neno hilo la mwisho, mwanangu, lilinipanda kichwani. Nilipaswa kunyamaza. Papa hakuwako hata kulisikia. Lingekufa pale pale kwenye vumbi. Lakini ulimi haina mufupa, na yangu ilikuwa na miguu. "Haitembei?" nikasema. "Ngoja." Nikatia lutuku, nikatafuta kiberiti. Mumoja wa wale wawili, jirani aliyezoea kutusikia asubuhi, akaiga sauti ya muzee ili wenzake wacheke:

"Maji ikooo?"

"Maji iko!" nikajibu. Nikawasha.

Maji haikuwako. Kila tulipojaribu kama tanki inavuja, tulikuwa tunamwaga yote, kwa sababu maji ya Lualaba inaacha tope ndani. Nilijua. Jana yake miye njo niliyemwaga, kwa mukono huu.

Rangi ilianza kufura kama maziwa kwenye moto. Nikaona ni ajabu, bado nacheka na kiburi. Halafu risasi tuliyolehemu nayo ikayeyuka, ikatiririka kati ya magurudumu, kofia ya juu ikaanguka, na tanki ikafunguka toka mwisho mupaka mwisho. Asumani njo aliyekuwa wa kwanza kuogopa. "Zima, ndugu! Zima!" Alichota muchanga kwa mikono yake akamwaga. Sasa hata kumuchukia sikuweza.

Papa Ilunga alisikia harufu toka njiani. Akaingia, akakaa chini, akapitisha vidole juu ya masini, pole pole, mahali pote. Miye nilikuwa nasema. Nilisema Asumani hivi, Asumani vile, alikutukana, Papa, nilikuwa nakutetea. Aliniacha nimalize. Halafu akasema:

"Salumu. Nilikuwa nakuuliza kila asubuhi. Ulifikiri nakusalimia?"

Akashika fimbo yake, akarudi njiani, nyumba kwa nyumba, akipapasa kuta, kuwaambia wenzake wasije tena kesho. Nilitaka kwenda miye. Alikataa na mukono.

Ningetengeneza siku ile ile, kama vita ingeniacha. Katika Kiswahili chetu, risasi ni ile inayoua mutu, na risasi ni ile inayounganisha chuma. Ya kwanza ilijaa Kindu nzima. Ya pili haikupatikana hata ya kujaza kijiko. Nilivuka muto, nilipiga hodi kwa mafundi wa redio, niliomba kwa watu wa ndege. Hakuna. Na kila mwezi bomba ilikuwa inapunguka.

Vita ilipopoa, treni ikaingia. Watu walilia, wanawake wakacheza juu ya reli. Miye nilikimbia behewa kwa behewa nikiuliza risasi ya kulehemu, watu wakafikiri nimepata wazimu, mupaka fundi mumoja kutoka Katanga akanikatia kipande. Nilitengeneza kila kitu upya, hata ile sehemu ya mulango ya moto isiyo na rangi. Nilipomaliza, Papa Ilunga alikuwa haoni tena mchana wala taa. Daktari aliyekuja na amani alimupima, akasema imechelewa, macho ya namna ile hayarudi.

Tuliiwasha hivyo hivyo. Niliangalia maji, nikaangalia tena. Magurudumu yakaanza, ta-ta, ta-ta, na Papa akageuza sikio. Uso wake ulifunguka. "Upande wa kushoto unachelewa kidogo," akasema, na kweli ulikuwa unachelewa. Halafu akageukia sauti yangu.

"Salumu, weye mwenye maneno. Mvuke yake iko namna gani?"

Mwanangu, miye niliyejibu watu mbele hawajamaliza kuuliza, nilifungua mudomo, likatoka neno moja tu. Nikasema: "Ni nyeupe, Papa."

Akangoja. Alifikiri labda kuna lingine linakuja.

"Nyeupe," akasema. "Ndiyo."

Alikufa wakati wa mvua. Leo njo kazi ninayopenda kuliko zote: nikimaliza redio na simu za watu, ninarudisha masini ndogo za zamani ambazo watu wanazitoa kwenye masanduku ya babu zao. Wananisifu. Sifa yenyewe hainiingii.

Kwa hiyo nakuambia wazi, kwa sababu unanifanana, nakuona ukibishana kule sokoni. Mutu anayekupenda akikuuliza, usimujibu kwa mazoea. Inama kwanza, angalia, ndipo ufungue mudomo. Na usitetee heshima ya mutu kwa kitu chake ambacho hakukupa ruhusa kukigusa. Kumupenda peke yake haitoshi, mwanangu. Miye nilimupenda Papa Ilunga kuliko wote pale mutaani, na njo miye niliyemunyima kuiona mvuke ile. Maji yakimwagika hayazoleki, na msamaha wa muzee, hata akikupa, haukurudishii saa iliyopita.

Enda salama sasa. Mungu akupoze damu bila kukuzima. Akupe watu wakali wa kukuuliza, na siku ya furaha yako, wale unaowapenda waione kwa macho yao wenyewe. Amina.